Chupa za Dirishani

Mapema mwaka 2025, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, taarifa za habari zilionyesha vivuko vikihangaika upande wa Mwanza wa Ziwa Victoria. Gugu lilikuwa limetanda juu ya maji na abiria wamejazana ng'ambo zote mbili wakisubiri. Tumezoea habari za gugu maji, lile lenye maua ya zambarau, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika maelfu ya hekta katika muongo uliofuata. Safari hii lilitajwa jingine, dogo, la kijani, lisilo na ua lolote. Wataalamu waliliita Salvinia molesta.

Haukupita muda mrefu, kijana jirani yangu hapa kijijini Daudi akaingia uani na ndoo mkononi. Huuza miche na maua Mbulu mjini siku za mnada, na ana mkono mzuri wa mimea.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Umebeba nini leo?”

“Maua ya kuelea. Ndugu yangu katoka nayo ziwani. Hayataki udongo kabisa, Mwalimu. Nitayaweka kwenye bakuli za kioo, watu wa mjini wanapenda.”

Nikainama kutazama. Majani mawili mawili, yamejaa vinyweleo kiasi kwamba tone la maji likiyaangukia linateleza bila kuyalowesha, na chini yake yananing'inia mafungu ya nyuzi za kahawia. Nilimwomba aketi. Nikamweleza kwamba gugu hili asili yake ni kusini-mashariki mwa Brazili, na kwamba halikuvuka bahari kwa miguu yake. Lilibebwa na watu waliolipenda, wa bustani za mimea na wa matangi ya samaki wa mapambo. Sri Lanka lilifika mwaka 1939 kwa mkono wa wataalamu wa mimea wa chuo kikuu. Hata gugu maji lenye ua la zambarau lilitoka Amerika ya Kusini likitunzwa kwenye vidimbwi vya bustani kwa ajili ya uzuri wake. Nikamwambia pia jambo lililonitia hofu zaidi: Salvinia haizai mbegu. Huenea kwa vipande. Kipande kimoja kinachokatika bakulini, kikamwagwa na maji machafu mferejini, kikachukuliwa na mvua ya masika, kinatosha kufika Ziwa Tlawi la huku kwetu. Na Tlawi ni ziwa dogo.

Kijana hakubisha. Tulimwaga maji ya ndoo kwenye udongo mkavu mbali na mfereji, tukayatandaza majani juu ya bati hadi yakakauka kabisa, kisha tukayachoma. Alipomaliza kuosha mikono akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya.

“Sasa Mwalimu, mimea ya rangi inayokaa kwenye maji ndiyo inayotoka. Nipande nini, na nitunzeje, isije ikawa kama hii?”

Nilimpa vikonyo vya koleasi kutoka dirishani kwangu na maelezo ya kuanzia. Jibu lenyewe ni refu, kwa kuwa nimelikusanya tangu utotoni, na sehemu kubwa yake sikuipata kitabuni.

Nililelewa na shangazi yangu hapahapa Daudi miaka ya 1970, Mbulu ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Arusha. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na dirisha lake moja kubwa lilitazama mashariki. Halikuwa na kioo, lilifungwa kwa ubao usiku na kufunguliwa alfajiri. Kwenye kizingiti cha dirisha hilo zilijipanga chupa za bia, zile za kahawia, alizokuwa akiziomba baada ya harusi. Katika kila chupa kulikuwa na kikonyo. Vingine vilikuwa vya koleasi, majani mekundu yenye ukingo wa kijani kibichi, mengine ya manjano yaliyomwagiwa zambarau. Vingine vilikuwa vya ule mmea unaotambaa, wenye mistari ya rangi ya fedha juu ya jani na zambarau iliyoiva chini yake. Mbegu ya kwanza ya koleasi zile, yaani kikonyo cha kwanza, alipewa na sista mmoja wa misheni ya Mbulu, na kutoka hicho kimoja akagawia nusu ya kijiji.

Alikuwa na namna yake ya kukata. Alipitisha wembe motoni, akakata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoungana na shina. Kisha aliyaondoa majani yote ya chini, akabakiza ya juu machache. Jani halikuruhusiwa kugusa maji. Mtoto akiingiza kikonyo na majani yake aliitwa arudi akitoe. Miaka mingi baadaye, nikifundisha baiolojia, ndipo nilipoweza kueleza alichokuwa akikifanya. Ncha changa ya mmea hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kujikusanya penye jeraha. Kwenye kifundo ndiko kulikojaa seli zilizo tayari kubadili kazi, na kwa amri ya homoni hiyo zinageuka kuwa mizizi. Jani lililozama halina kazi hiyo. Linaoza, bakteria wanalishambulia, na wakati wakilila wanatumia oksijeni iliyokuwa ya mizizi.

Hata chupa ya kahawia ilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani. Kuna mama jirani aliyeweka vikonyo vyake kwenye chupa nyeupe za kioo, nzuri za kutazama, na kila baada ya muda kioo kilivaa utando wa kijani na mizizi ikavaa vilevile. Utando huo ni viumbe hai vinavyotaka vitu viwili tu, mwanga na chakula kidogo. Ukivinyima mwanga vinashindwa. Siku hizi nikiona mitungi ya kioo kinachopenyeza mwanga ikiuzwa kwa bei kubwa kwa ajili ya mimea ya maji, nawashauri watu waivishe karatasi ya kaki au kitambaa, waivue siku wanayotaka kutazama mizizi. Mzizi wenyewe haupendi mwanga.

Rangi nilijifunza dirishani palepale. Shangazi alikuwa na chupa moja aliyoiweka ndani, pembeni mwa ghala la mahindi, ili chumba kichangamke. Koleasi ile ilitoka nyekundu ikafifia, ikawa na rangi ya tope, mwishowe ikawa kijani tupu, shina limerefuka na kunyong'onyea. Dada yake wa dirishani, aliyekatwa siku ileile kutoka shina lilelile, aliwaka. Wazee wetu wa Kiiraqw walimwita Mungu Looaa, na Looaa ndiye jua. Walisema pia kwamba neetlaangw, nguvu za majini, zinakaa kwenye chemchemi na vijito, na kwa hiyo hatukuruhusiwa kutupa kitu chochote penye chemchemi tuliyochota maji, hata jani. Mimi nililelewa kanisani, lakini nilipokuwa nikimtazama shangazi akigeuza chupa zake asubuhi, sehemu ya mmea ikiwa juani na sehemu ikiwa majini, sikuona ugumu wowote wa kuelewa wazee walichokiheshimu.

Darasani nilieleza hivi. Wekundu na zambarau ya jani hutokana na kemikali ziitwazo anthosiani, na koleasi huzitengeneza kwa wingi pale mwanga unapotosha. Mwanga ukipungua, jani linaongeza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, ili liambulie chochote. Ndiyo maana mmea wa rangi ukiwekwa kwenye korido yenye giza unageuka kijani. Una njaa ya mwanga. Na mimea yenye mabaka meupe, kama yule mtambaazi wa majani ya umbo la moyo anayependwa sana maofisini, ina shida zaidi, maana sehemu nyeupe hailishi chochote. Upande wa pili nao upo: jua kali la saa saba mchana linababua majani na kupausha rangi zilezile. Dirisha la mashariki, linalopokea jua la asubuhi na kuliaga kabla halijawa kali, ni zawadi kwa mtunza mimea ya namna hii. Asiye nalo asogeze chupa hatua chache kutoka dirisha la magharibi.

Maji yalikuwa suala zito. Yalibebwa mgongoni kutoka chemchemi, kwa kibuyu na kwa debe, na aliyeyabeba alikuwa mwanamke au msichana. Mzee mmoja wa jirani aliwahi kusimama mlangoni akauliza kwa nini maji yanayotoka mgongoni mwa watu yapewe kitu kisicholiwa. Shangazi hakujibizana na mkubwa. Alitoa chupa moja, akamimina maji ya zamani juu ya tuta la vitunguu saumu mbele ya macho yake, akaijaza upya. Chupa ya bia inachukua nusu lita. Hakukuwa na tone lililopotea: lilipita kwenye ua, likamalizia kwenye kitunguu. Mzee akaaga. Baadaye mke wake alikuja kuomba kikonyo.

Maji yalibadilishwa kabla hayajanuka. Nimekutana na watu wengi wanaoamini kuwa mmea wa majini unakufa kwa kiu, kwa hiyo wanaongezea maji juu ya maji ya zamani, miezi na miezi. Mmea wa majini mara nyingi hufa kwa kukosa hewa. Mizizi inapumua, na maji yaliyotulia muda mrefu huishiwa oksijeni. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu kidogo ukiugusa, uliooza ni wa kahawia, laini, unatoka mkononi na harufu yake haifichiki. Kumwaga yote na kuweka mapya mara moja kwa wiki kunatosha kwa mimea mingi. Maji ya bomba yenye dawa yalale kwanza usiku mmoja kwenye chombo kilicho wazi. Na usizamishe shina zima: acha sehemu ya juu ya mizizi nje ya maji ipate hewa moja kwa moja.

Halafu kuna baridi yetu. Mtu wa Tanga au wa Mwanza hawezi kuijua alfajiri ya Julai ya uwanda wa Mbulu, ukungu umelala juu ya mashamba ya ngano na mtu anatoa pumzi ikionekana. Koleasi ni mmea wa nchi za joto za Asia ya Kusini-Mashariki. Baridi ile inausimamisha, mizizi haitoki, majani yanadondoka. Miezi hiyo shangazi aliziingiza chupa jikoni jioni, akaziweka mbali kidogo na mafiga, karibu na ukuta uliohifadhi joto, asubuhi akazirudisha dirishani. Hakukata vikonyo vipya Juni wala Julai. Alisubiri Septemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilipangiwa kufundisha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Nikapanda hadi Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda bustani ya mimea kutoka pande zote za dunia. Mimi niliyetoka kwenye nchi ya upepo na majani makavu nilisimama chini ya miti ile nikahisi nimeingia kwenye nyumba ya mtu mkubwa. Kwenye miamba yenye unyevu, kivulini, niliona mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya samawati iliyokolea zambarau. Mzee aliyekuwa amefanya kazi bustanini kwa miaka mingi aliniambia, “Huo mwanangu umezunguka dunia kuliko mimi na wewe.”

Alisema kweli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akauelezea kisayansi na kuupa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia ya afisa huyo. Kutoka hapo wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani wakauzalisha katika rangi zisizohesabika, pinki, nyeupe, zenye ukingo, zilizojikunja, na ukawa mmoja wa mimea ya dirishani inayojulikana zaidi duniani. Wakati huohuo misitu ulikotoka inaendelea kukatwa, na baadhi ya aina zake za porini zimebaki kwenye vijipande vidogo vya msitu.

Yule mzee hakuniruhusu kuchuma chochote msituni, na nilimshukuru kwa hilo. Alinipeleka nyumbani kwake, kwenye kopo lake la dirishani, akakata jani moja na kikonyo chake chenye urefu wa kidole gumba. Akakata ncha kwa mshazari, akafunika mdomo wa chupa kwa karatasi yenye tundu, akalipitisha jani tunduni ili kikonyo pekee kiguse maji. Akaniambia nisilimwagie jani maji ya baridi, litatoka madoa. Wiki kadhaa baadaye ncha ile ilitoa mizizi myembamba, na baada ya mizizi vikachomoza vimche vidogo chini ya jani, kila kimoja mmea kamili.

Pale nilijifunza mambo mawili ambayo nayarudia kwa kila anayeniuliza. La kwanza, kwa mimea mingi hakuna haja ya kung'oa. Anayetaka mmea wa msituni na anayeujali msitu wanaweza kuwa mtu mmoja, kwa kuwa jani moja kutoka kwa jirani linatosha. Nguvu ya kuzaliwa upya kutoka kipande, ileile inayofanya Salvinia iwe balaa ziwani, ndiyo inayoweza kuuokoa mmea adimu usiporwe kwenye mwamba wake. La pili, si kila mmea unaootea majini unataka kuishi majini. Vimche vile vilipopata mizizi ya kutosha vilihitaji udongo mwepesi. Mizizi iliyozaliwa kwenye maji ni laini na dhaifu. Ukiihamishia kwenye udongo mkavu mmea unanyauka siku hiyohiyo, kwa hiyo udongo uwe na unyevu mwingi mwanzoni, kisha upunguzwe pole pole. Koleasi, mtambaazi wa majani ya moyo na yule wa mistari ya fedha wanavumilia maji kwa miaka wakilishwa. Huyu wa Amani hapana.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiitafuta mimea yetu wenyewe kwenye madirisha ya watu, na inaniuma kuona ni michache kiasi gani. Yule wa majani mazito yanayong'aa, Zamioculcas, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki na Kusini, anaota kwenye misitu ya pwani yetu. Waholanzi walianza kumzalisha kibiashara miaka ya 1990, na leo wauzaji wanamtaja kama mmea wa kigeni. Kuna pia ua laini la waridi na jekundu linaloota kando ya vijito kuanzia Kenya hadi Msumbiji, Impatiens walleriana. Mwishoni mwa karne ya 19 John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alilituma kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na wataalamu wa huko wakalipa jina la kumtukuza Sultani. Shina lake ni la majimaji, na likitiwa kwenye chupa linatoa mizizi haraka kuliko karibu mmea wowote niliowahi kuushika. Mtu anayeanza leo, mwenye mashaka na mkono wake, aanze na huyo. Atatiwa moyo ndani ya wiki mbili.

Mwaka 2014 nilikuwa Dar es Salaam kwa mafunzo, nikiishi kwa mama mmoja mkarimu aliyejaza sebule yake mimea ya maji. Vyombo vilikuwa kila mahali, juu ya friji, kwenye ngazi, bafuni. Ndiyo miezi ambayo homa ya dengi iliikumba Dar es Salaam. Kijana wake mmoja alilala na homa kali na maumivu ya viungo, na bwana afya wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba. Aliingia sebuleni, akachukua chombo cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapanda na kushuka.

Hakumgombeza. Alitueleza kwa upole, akiwa amepiga magoti sakafuni na vyombo vimemzunguka. Mbu wa dengi, Aedes, si yule wa malaria anayeuma usiku kwenye kimya. Anauma mchana, anapenda kuishi na watu, na anapenda maji safi yaliyotulia kwenye vyombo vidogo: tairi, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya chungu, chupa ya ua. Hatagi juu ya maji hasa. Anayabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yarudi. Kumwaga hakutoshi. Chombo kisuguliwe kwa brashi ndani, hasa pale maji yanapoishia. Na kwa kuwa yai linahitaji wiki moja au zaidi kidogo kuwa mbu arukaye, anayemwaga na kusugua kila wiki anamkatiza kabla hajafika.

Mama yule alitaka kuitupa mimea yote siku ileile. Bwana afya alimzuia. Alisema mimea haina kosa, na tukaketi wote watatu tukisugua vyombo uani hadi alasiri. Midomo ya vyombo tuliiziba kwa pamba kuzunguka shina. Ilipofika 2019 na dengi ikarudi jijini, alinipigia simu kuniambia brashi bado inaning'inia palepale.

Kuna watu wanaouza mimea hii wakiahidi kwamba inasafisha hewa ya nyumba. Ahadi hiyo ilitokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa kwenye masanduku yaliyofungwa kabisa. Sebule ina milango, madirisha na nyufa, na wachunguzi waliopitia upya tafiti za namna hiyo mwaka 2019 walikuta kwamba ungehitaji mimea mingi mno kwa kila mita ya mraba ili ishindane na dirisha lililofunguliwa. Mimi nampenda muuzaji anayesema ukweli: hii ni mizuri, inatuliza macho, inamfundisha mtoto kutazama. Hayo yanatosha kuinunua.

Niliporudi kufundisha Mbulu nilitaka wanafunzi wangu wayaone haya bila maabara, kwa kuwa shule haikuwa nayo ya maana. Nikakumbuka jaribio la Mwingereza John Woodward, lililochapishwa mwaka 1699. Woodward alichukua vikonyo vya mnanaa akavilea kwenye maji mbalimbali: ya mvua, ya mto Thames, ya mfereji wa Hyde Park, na mengine aliyoyachanganya na udongo wa bustani. Siku zile wanazuoni wengi waliamini kwamba mmea unajengwa kwa maji peke yake. Alivipima vikonyo mwanzo na mwisho, na kadiri maji yalivyokuwa na udongo mwingi zaidi ndani yake ndivyo mnanaa ulivyokua. Kumbe kulikuwa na kitu ndani ya udongo, na maji yalikuwa mbebaji. Kitu hicho kilikuja kufahamika vizuri miaka ya 1860, pale Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walipoweza kukuza mimea bila udongo kabisa, kwa maji yaliyotiwa chumvi za madini kwa vipimo.

Tulitumia koleasi kutoka dirishani kwa shangazi, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana na alifurahi mno kusikia kwamba chupa zake zinakwenda shule. Makundi yalikuwa matatu: maji ya mvua, maji ya chemchemi, na maji yaliyokorogwa na udongo wa shamba la maharage, yakaachwa yatulie na kuchujwa kwa kitambaa. Wanafunzi walizivisha chupa karatasi za kaki na kuandika majina. Mizizi ilitoka kwa wote karibu wakati mmoja. Baada ya hapo ndipo njia zilipoachana. Za maji ya udongo ziliendelea kutoa majani makubwa yenye rangi iliyokolea. Za mvua zilisimama, na majani mapya yakatoka madogo na yaliyopauka.

Ndipo wakaelewa kwa nini mimea ya maji ya watu wengi hupendeza miezi miwili kisha ikachoka. Inahitaji kula. Mbolea ya maji ya dukani inafaa, lakini kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na kila mwezi inatosha. Ukizidisha, chumvi inavuta maji kutoka kwenye mizizi na ncha zake zinaungua. Mwanafunzi mmoja alileta mbolea ya Minjingu, ya jirani zetu wa Babati, akijivunia ya nyumbani. Nilimwambia ni nzuri shambani kwa baba yake, lakini fosfeti yake ni ya mwamba na huyeyuka taratibu kwa msaada wa udongo wenye asidi. Chupani itazama chini na kukaa. Maji ya samadi tuliyakataa pia, kwa kuwa yanavunda na kunyima mizizi hewa.

Msichana wa kiti cha mbele, ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko langu, aliuliza jambo ambalo wengine hawakuliona. Ikiwa maji ya mvua hayana chakula, kikonyo chake kilipata wapi nguvu ya kutoa mizizi? Darasa likanyamaza, kisha likaanza kubishana. Wengine walisema hewa, wengine wakasema mwanga. Mmoja akasema shina lenyewe lilikuwa na akiba, kama kiazi kinachochipua ghalani. Nilikataa kuwapa jibu. Muhula uliofuata tulikata vikonyo vifupi na virefu kutoka mmea mmoja, vyote kwenye maji ya mvua, na msichana yule akasimamia vipimo. Ilionekana wazi kwamba virefu vilidumu zaidi kabla ya kufifia, na vifupi vikachoka mapema. Walipomaliza kuandika wakataka turudie tena, safari hii nusu ya chupa zikae gizani, ili wajue ni kiasi gani kilitoka kwenye shina na kiasi gani kilitoka kwa jua.